Mama, usisawazishe hicho kichuguu

Wiki iliyopita mama mmoja wa Annexe, komini ya Lubumbashi, kaniita nikaone paseli (kiwanja) yake, katikati kuna kichuguu kirefu kupita malata (mabati) ya jirani, anataka kukisawazisha halafu alete lori la matofali ya kuchoma. Nikamwambia mama, ukuta wako ndio ule, haujakatwa tu.

Mchwa wanapandisha udongo wa mfinyanzi toka chini, ndiyo maana unashika vizuri na hapa Lubumbashi watu wanautumia kwa matofali toka zamani. Shida ni kuchoma. Tanuru moja linakula miti ya miombo mingi sana, na miti inazidi kuwa mbali na muji kila mwaka, juu wachoma makala (mkaa) nao wanaingojea. Tena vichuguu vyetu vina vile vijiwe vyeupe vya chokaa, ukivichoma ndani ya tofali kisha mvua ikanyesha vinavimba na tofali linapasuka vipande, wengi wanasema fundi kawaibia kumbe ni chokaa.

Mimi nashindilia tofali bichi kwa mashine ya mkono. Kwanza napima udongo kwa chupa: udongo theluthi moja ya chupa, maji, chumvi kidogo, tikisa sana, acha mpaka kesho. Mchanga unakaa chini, mfinyanzi juu. Wa kichuguu karibu kila mara mfinyanzi unazidi, basi unaongeza mchanga, usione uvivu hapo, usipoongeza tofali litakauka na nyufa. Simenti asilimia 5 mpaka 8 inatosha. Kisha unafunika na plastiki, unamwagilia wiki nzima, na hujengi kabla ya siku 28, hata bwana mwenye nyumba akipiga simu kila asubuhi (watapiga).

Ukuta wangu wa kwanza niliharibu mwenyewe. Paa fupi, msingi chini, Novemba mvua ikaruka toka ardhini ikala chini ya ukuta kama panya kwenye mkate. Sasa msingi wa mawe unatoka sentimita 40 juu, na malata yanapita ukuta kwa sentimita 80. Ukifanya hivyo ukuta mnene unakusaidia Oktoba joto likiwa kali, na usiku wa Juni baridi haikukuti mara moja.

Mama akauliza, majirani si watasema nimejenga nyumba ya udongo? Nikamwambia watasema. Akacheka, hakujibu. Jumatatu narudi na chupa.