Kosa la kuachwa nje: jinsi pesa za msaada zinavyompita anayestahili

Kosa la kuachwa nje hutokea pale mtu anayestahili msaada, kwa masharti yaleyale yaliyowekwa na mpango wenyewe, anapoukosa. Chukua mkazi wa Nyalenda, Kisumu, aliyetimiza miaka 73 na asiyepokea pensheni yoyote. Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa pesa wazee na wengine wasiojiweza, imewekwa kwa ajili ya watu kama yeye, ila zile shilingi 2,000 za kila mwezi hazimfikii. Hakuna aliyemkataa wala kumwandikia barua. Pesa zimempita tu. Upande wa pili kuna kosa la kuingizwa, yaani asiyestahili kupokea.

Makosa haya mawili hayatazamwi kwa jicho moja. Aliyeingizwa kimakosa ana jina kwenye orodha na nambari ya muamala, na mkaguzi wa hesabu anaweza kumfuata hadi mlangoni. Aliyeachwa nje hana chochote ndani ya mfumo cha kukaguliwa. Ripoti ikisema asilimia 98 ya malipo yamefaulu, imehesabu malipo yaliyotumwa. Haisemi lolote kuhusu watu ambao hawakutumiwa kabisa. Kwa hiyo mpango unaweza kuonekana safi ofisini huku wajane wa kijiji kizima hawana habari nao. Kwetu sisi hili ndilo kosa zito zaidi, hasa wakati wa dharura. Shilingi elfu chache zikienda kwa mwenye duka, serikali imepoteza fedha. Zikimkosa mama aliyelala darasani na watoto baada ya mto kuvunja kingo, watoto hao wamekosa kula.

Teknolojia haikuanzisha kosa hili, lakini huongeza milango ya kupitia. Ili pesa zifike kwa simu, mtu lazima ajulikane, apimwe, majina yake yalingane, malipo yaingie kwenye laini, kisha azitoe zikiwa noti mkononi. Tuseme kila mlango unapitisha watu 95 kati ya 100, kiwango ambacho ofisi nyingi zingejivunia. Milango mitano ikifuatana, wanaofika mwisho ni 77. Kila mlango ukipitisha 90, wanafika 59. Na kila msimamizi wa mlango atakuambia kwamba kwake mambo ni shwari, na atakuwa anasema kweli.

Kujulikana huanza na kitambulisho. Wazee wengi walichukua kitambulisho bila cheti cha kuzaliwa, na mwaka wa kuzaliwa ukakadiriwa. Mtu wa miaka 72 anaweza kuwa na kadi inayosema 66, na mfumo unaosoma kadi peke yake hautamwona hadi miaka minne ipite. Watu wa jamii ya Wanubi, ambao wako Kibos na Kisumu mjini pia, kwa miaka mingi walipitishwa kwenye kamati za uhakiki kabla ya kupewa kadi. Jukwaa la Haki za Wanubi lilikuwa miongoni mwa walioipeleka mahakamani Huduma Namba, mpango wa serikali wa kitambulisho cha kidijitali, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mpango usiendelee bila kanuni kamili za kuusimamia. Oktoba 2021 mahakama ikabatilisha utoaji wa kadi zake kwa kuwa tathmini ya athari kwa ulinzi wa data haikufanywa kwanza. Tathmini ya namna hiyo ikifanywa kwa uaminifu, huuliza mapema swali ambalo kwa kawaida huulizwa baada ya watu kuumia: ni nani hana karatasi hizi?

Kupimwa ni kuamua nani maskini wa kutosha. Mapato ya mtu anayeuza omena leo na kulima kibarua kesho hayana hati, kwa hiyo wapimaji hutumia dalili: paa, sakafu, mifugo, idadi ya watoto. Shirika la GiveDirectly lilipoanza kutoa pesa Siaya, lilitumia kigezo kimoja kinachoonekana kutoka barabarani, yaani nyumba ya nyasi. Utafiti mkubwa uliofuata katika vijiji 653 vya kaunti hiyo ulitumia kigezo hichohicho. Kina faida ya kweli, kwa sababu kila mtu anakielewa na karani hawezi kukipinda kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba paa husema yaliyopita. Mjane anayeishi chini ya mabati yaliyoezekwa na marehemu mumewe miaka kumi iliyopita anahesabiwa ana nafuu, hata kama jikoni hamna unga. Kipimo cha maswali mengi hupunguza kosa hilo, lakini huleta jingine: mtu haelewi tena kwa nini amekosa. Wakenya wasio na mshahara wamekionja kipimo cha aina hii tangu Oktoba 2024, pale SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilipoanza kukadiria mchango wao wa afya kwa maswali ya hali ya nyumbani, mchango wa chini ukiwa shilingi 300 kwa mwezi. Anayeambiwa alipe zaidi ya jirani yake huuliza ni jibu gani lililompandisha, na hilo ni swali la haki kabisa.

Hata pale kipimo kikiwa wazi, watu wanaweza kujiondoa wenyewe. GiveDirectly lilieleza kwamba katika sehemu za Homa Bay karibu nusu ya waliofikiwa walikataa pesa, kwa uvumi kwamba zinatoka kwa waabudu shetani. Orodha huwaandika watu hao “wamekataa” na kuwasahau, ilhali wengi wangekubali kama mtu wanayemwamini angewaeleza barazani, kwa Dholuo, pesa zinatoka wapi na hazidai nini.

Mlango wa majina ndio unaotuumiza kichwa zaidi, kwa sababu ni wa kiufundi mtupu na hurekebishwa kwa siku mbili ukipata mtu makini. Kitambulisho kimeandika ACHIENG' MARY ATIENO. Laini ya simu imesajiliwa Mary Achieng. Karani wa kijiji ameandika Atieno Mary. Kompyuta iliyoagizwa kulinganisha herufi kwa herufi itasema hawa ni watu watatu. Ritifaa ya ng' peke yake inatosha kumwangusha mtu: kibodi moja huandika alama iliyonyooka, nyingine iliyopinda, nyingine haiandiki kitu. Kwa Waluo na Waluhya hilo si jambo dogo, maana Ochieng', Nyang'or na Ong'ondo wamejaa kila kata.

Dawa yake ni hii. Kabla ya kulinganisha, geuza herufi zote ziwe kubwa, ondoa ritifaa za kila aina, kisha panga maneno ya jina kwa alfabeti ili mpangilio usiwe hoja. Nambari ya kitambulisho ilingane yote, na maneno mawili ya jina yalingane kati ya matatu. Atakayepungukiwa apelekwe kwa mtu wa kukagua kwa macho, asitupwe. Nambari za simu nazo zigeuzwe zianze na 254, kwa sababu jedwali la kompyuta hupenda kumeza sifuri ya mwanzo, na 0712 inakuwa 712. Fomu za zamani zilizofundishwa kwamba laini ya Kenya huanza na 07 hukataa laini za 01. Angalia hilo siku ya kwanza, kwa kujaza fomu mwenyewe.

Kwenye malipo, swali la kwanza ni laini ni ya nani. Mama anayetumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwanawe anayeishi Nairobi ataandikwa hana simu, au pesa zitaenda kwa jina la mwana. Mlezi wa mtoto yatima akifariki, malipo husimama hadi mlezi mpya asajiliwe, na kwa kawaida hakuna anayeipa ofisi taarifa mpaka miezi ya njaa ipite. Halafu kuna Fuliza, mkopo mdogo wa ndani ya M-Pesa, ambayo wapangaji wa misaada huisahau karibu kila mara. Mtu mwenye deni la Fuliza akitumiwa pesa M-Pesa, mfumo hukata deni kwanza. Akiwa anadaiwa 1,600 na ametumiwa 2,000 za mafuriko, atabaki na 400, na ripoti ya mpango itasema amelipwa zote. Muulize kila mtu kuhusu deni wakati wa kumsajili, tena faraghani, na umpe njia nyingine: akaunti ya benki, laini ya mtandao mwingine, au vocha ya kutolea kwa wakala. Lililo bora ni kukubaliana na kampuni mapema kwamba malipo ya dharura yasikatwe.

Ada pia ni ya kuhesabiwa. Kutoa 2,000 kwa wakala hugharimu shilingi 29. Kutoa 4,000 za miezi miwili hugharimu 69. Anayestahili 4,000 atumiwe 4,069. Na mawakala wawe na pesa taslimu siku hiyo: watu 300 wakilipwa asubuhi moja katika kituo chenye mawakala wawili, saa nne pesa zimekwisha na mtu anaambiwa arudi kesho, nauli ya boda juu yake. Gawa malipo kwa siku tatu au nne, na uwaarifu mawakala kiasi kinachokuja siku mbili kabla.

Alama za vidole hazihitaji maneno mengi. Vidole vya mkata miwa wa Muhoroni au mpanda mpunga wa Ahero husagika, na vya mzee hukauka. Sajili vidole kadhaa, si kimoja, na pawe na njia ya pili iliyoandikwa kwenye mwongozo. Isiwe hisani ya karani.

Dharura huibana milango hii yote kwa pamoja. Nyando na Budalang'i hufurika, na Mei 2018 bwawa la Solai lilivunjika usiku kule Nakuru. Watu wakatoka bila kitambulisho, bila simu, wakaenda walikoweza. Orodha ya chifu imeandikwa kwa mtaa, na mtaa wenyewe umetawanyika. Kusajili watu wakati huo ni kazi ya wiki kadhaa, na wanaotangulia kuandikwa ni walio karibu na meza. HSNP, mpango wa kuzipa pesa kaya za kaskazini mwa Kenya zinazokabiliwa na njaa, ulilitatua hili mapema. Huko Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir karibu kaya zote zilisajiliwa na kufunguliwa akaunti, ingawa kaya takriban 100,000 tu ndizo zilizokuwa zikilipwa mara kwa mara. Setilaiti zikionyesha mimea imekauka kupita kiwango kilichowekwa, kaya za ziada hulipwa bila usajili mpya. Hakuna sababu ya kiufundi inayozuia nyanda za Kano, huku Kisumu, kufanya vivyo hivyo kwa kipimo cha maji ya mto badala ya ukame. Usajili ufanywe Januari na Februari, kabla ya mvua za Machi, na uchukue kila kaya ya nyanda za chini bila kuchagua. Kuchagua kuje baadaye, kama kuna ulazima.

Wapo wanaotaka kuruka usajili kabisa na kukisia umaskini kwa data ya simu. Togo ilikisia umaskini kwa njia hiyo mwaka 2020 katika Novissi, mpango wake wa pesa za dharura. Watafiti waliouchunguza walikuta kwamba njia hiyo ilipunguza makosa ya kuachwa nje kwa asilimia 4 hadi 21 ikilinganishwa na kuchagua kwa maeneo, lakini ingeyaongeza kwa asilimia 9 hadi 35 ikilinganishwa na sajili kamili, ambayo Togo haikuwa nayo. Tunavyosoma matokeo hayo, data ya simu ni akiba ya pale ambapo hakuna orodha. Na familia tatu zinazochangia simu moja huonekana ni mtumiaji mmoja mwenye nafuu.

Kosa hili hupimwa kutoka nje ya mfumo. Nenda kijijini bila orodha. Kwa msaada wa mzee wa kijiji, chama cha akina mama na muhudumu wa afya wa jamii, tafuta watu 30 wanaotimiza masharti, kila chanzo kikitoa majina yake bila kuonyeshwa ya mwenzake. Kisha ndipo uangalie ni wangapi wamo kwenye sajili na wangapi wamepokea. Wakikosekana 9, kosa ni kama asilimia 30. Kwa watu 30 ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 14 na 46, kwa hiyo usilinganishe vijiji kwa hesabu hiyo. Inatosha tu kujua kuna tatizo. Cha thamani zaidi ni kumuuliza kila mmoja wa wale 9 alikwama wapi. Wakikwama sita mlango mmoja, umepata kazi ya kesho asubuhi.

Aliyekataliwa ana haki zilizoandikwa. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapomwathiri, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sehemu ya 35, inamlinda dhidi ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Kwa vitendo, ujumbe wa kukataliwa utaje sababu moja mahususi, utaje pa kwenda na siku ya mwisho, na uwe kwa lugha anayoisoma. Ujumbe mfupi hubeba herufi 160, lakini ritifaa moja iliyopinda ikiingia, nafasi hushuka hadi 70 na ujumbe hukatika vipande, kwa hiyo andika iliyonyooka. Asiyesoma apigiwe simu. Na anayesikiliza malalamiko asiwe yuleyule aliyeandika orodha, awe na mamlaka ya kuongeza jina papo hapo, na wakati wa mafuriko ajibu ndani ya saa 48.