"Mbona Kiswahili anasoma?" Dhana inayowachelewesha watoto wenye disleksia

Wiki hii nimeisikia mara tatu, kila mara kutoka kwa mzazi anayempenda mwanawe: "Mwalimu, huyu Kiswahili anasoma vizuri. Kiingereza ndicho kimemshinda, nadhani ni uvivu." Mtoto ameingia kidato cha kwanza, masomo yamegeuka Kiingereza, na kufikia Juni ripoti imejaa F. Analetwa kwangu akiwa na miaka 14, baada ya miaka saba ya shule ya msingi ambayo hakuna aliyestuka.

Si kweli kwamba anayesoma Kiswahili hawezi kuwa na disleksia, yaani ugumu wa kuunganisha herufi na sauti zake wakati wa kusoma na kuandika. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa: a ni a popote utakapoikuta. Mtoto mwenye disleksia akishazishika ba, be, bi, bo, bu, neno atalifikia. Hakosei sana, anachelewa. Husoma "a-na-ye-ni-fu-ndi-sha" kipande kwa kipande, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshampotea. Kiingereza hakimvumilii hivyo, maana though, through na tough zina herufi zilezile za mwisho na kila moja ina matamshi yake.

Mwaka 2001 mtafiti wa ubongo Eraldo Paulesu na wenzake waliwapima watu wazima wenye disleksia wanaosoma Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza. Waitaliano, ambao maandishi yao ni manyoofu kama yetu, walisoma vizuri kuliko wenzao. Lakini walipotazamwa ubongo ukiwa kazini, upande wa kushoto ulionyesha udhaifu uleule kwa wote. Lugha ilikuwa imewafunika tu.

Kwa hiyo, mzazi, usihesabu makosa. Shika saa. Mpe kifungu asichowahi kukiona, asome dakika moja. Kitabu cha darasani kiache, hicho amekikariri. Halafu mwandikie maneno yasiyo na maana, kama bamulo, ngidefa, shwatika, uone kama anasoma au anabahatisha. Mwisho funga vitabu vyote: mwambie atamke "paka", kisha aondoe sauti ya kwanza. Mtoto wa darasa la tatu anayeshindwa kusema "aka" hunieleza mengi kuliko ripoti ya muhula mzima. Tazama na madaftari ya imla: "nyumba" imekuwa "nyuba", "ng'ombe" imekuwa "gobe". Siwalaumu sana walimu. Darasa la watoto 80 likisoma kwa pamoja, anayefuatisha midomo ya wenzake hasikiki.

Kuhusu macho: mpime, kila mtoto apimwe. Ila disleksia haitoki machoni, na kuchanganya b na d si kuona vibaya. Madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walitoa tamko la pamoja kuhusu hili mwaka 2009. Tafadhali msinunue miwani ya rangi inayouzwa kama tiba.

Akili anazo? Huyuhuyu muulize kwa mdomo jinsi mmea unavyotengeneza chakula, kisha usikilize.

Fimbo haifundishi sauti. Kurudia darasa nako ni kumpa mwaka mwingine wa njia ileile iliyomshinda. Kinachomsaidia ni kufundishwa sauti na herufi moja moja, kwa mpangilio, akiandika kwa kidole kwenye mchanga huku akitamka, dakika 15 kila siku. Sichoki kulisema hili: kila siku, si tuisheni ya Jumamosi. Shuleni aongezewe muda, asomewe swali, na asisimamishwe mbele ya wenzake asome kwa sauti.

"Atakua, ataacha." Haachi. Hujifunza kuishi nayo, na akisaidiwa mapema husoma vizuri tu. Nayo hutembea katika ukoo, ndiyo maana kila familia huiuliza kuna nani mwingine. Mama hutaja mjomba, au binamu aliyeishia darasa la nne. Baba hukaa kimya. Mara nyingi hunisubiri mlangoni mtoto akishatoka, ananiambia kwa sauti ya chini kwamba hadi leo barua za kazini humpa mkewe amsomee.