Maana ya antena ya kitanzi kidogo kwa mwanaredio anayeishi ghorofani

Antena ya kitanzi kidogo ni pete ya bomba la shaba au alumini iliyoachwa wazi mahali pamoja, ambapo ncha zake mbili huunganishwa na kapasita ya kurekebishwa, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme kinacholinganisha kitanzi na masafa yanayotakiwa, na ambayo mzingo wake hauzidi takriban robo ya urefu wa wimbi. Katika masafa ya megahezi 14, urefu wa wimbi ni kama mita 21. Antena ya kawaida ya waya, yenye nusu ya urefu huo, huhitaji nafasi ya mita 10 hivi, ambayo wanaredio wengi wa ridhaa (wanaowasiliana kwa redio kama burudani) waishio ghorofani hawana. Kitanzi chenye kipenyo cha mita 1 hutosha kwenye roshani.

Udogo huo una gharama yake, na ni muhimu ieleweke kabla ya kununua chochote. Uwezo wa antena wa kugeuza umeme kuwa mawimbi hupimwa kwa ukinzani wa mnururisho: waya wa nusu wimbi ulioinuliwa vizuri huwa na omu 70 hivi, ilhali kitanzi hicho kina kama omu 0.1 tu. Kwa hiyo kiungo kilicholegea au kilichoshika kutu, ambacho kwenye waya mrefu kisingeleta athari kubwa, hapa kinaweza kumeza nusu ya nguvu yote na kuigeuza joto. Bomba nene lililolehemiwa vizuri lina faida kuliko kuongeza wati.

Ukinzani ukiwa mdogo hivyo, mkondo huwa mkubwa, na kwenye kapasita huzuka zaidi ya volti 1,000 hata kwa wati 10. Basi kapasita iwe ya kuhimili volti hizo, na mtu yeyote asikiguse kitanzi wala kukaa karibu nacho wakati wa kurusha. Kila unapohamisha masafa kwa kilohezi makumi kadhaa, kapasita hurekebishwa upya.

Kuta za zege lenye nondo huzuia mawimbi, hivyo roshani au dirisha ni bora kuliko katikati ya chumba. Kitanzi kikisimama wima, hunasa vizuri mawimbi yanayotoka upande wa ukingo wake, lakini yale yanayokuja yakielekea uwazi wa pete huyapokea kwa udhaifu mkubwa. Ukikizungusha taratibu hadi chaja au taa ya jirani inayotoa kelele iangukie upande huo dhaifu, mara nyingi kituo cha mbali kilichokuwa kimefunikwa huanza kusikika.