Primirozi ya jioni: wenyeji walitumia mzizi na majani, chupa inauza mafuta

Chupa nyingi za kapsuli za primirozi ya jioni ninazoletewa nizitolee maoni zinadai kwamba wenyeji wa asili wa Marekani wameitumia dawa hii kwa karne nyingi. Mmea waliutumia, ni kweli. Mafuta yaliyomo kwenye kapsuli, yanayokamuliwa kwenye mbegu zake, ni jambo jingine kabisa, na inaniuma kuona heshima ya watu hao ikitumika kuyauzia.

Mmea wenyewe ni Oenothera biennis, asili yake mashariki na katikati ya Amerika Kaskazini, huota kingo za mito, kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyoachwa. Mwaka wa kwanza hutoa majani tu, yamelala chini kwa mduara, huku mzizi ukinenepa. Mwaka wa pili hupandisha shina refu, huchanua, huzaa, hufa. Maua ya njano yenye petali nne hufunguka jua likizama, upesi hata unayaona yakijikunjua, na nondo wakubwa huyafuata gizani.

Miongoni mwa wenyeji hao, Wacherokee walichemsha mizizi wakaila kama viazi, na majani wakayapika mboga. Mzizi huchimbwa kabla shina halijapanda, kuanzia vuli ya mwaka wa kwanza hadi baridi inapoisha. Ukichelewa, unakuta umekuwa mti mtupu. Hata ukiuwahi, una ukali wa pilipili unaokwaruza koo. Mzizi huohuo waliupasha moto na kuubandika kwenye bawasiri. Wairoquois nao waliutumia kwa bawasiri na majipu. Waojibwe waliloweka mmea mzima katika maji ya moto, kisha wakabandika palipovilia damu. Na mbegu? Wapotawatomi walizithamini kama dawa, ila kumbukumbu iliyochapishwa haitaji ni ya ugonjwa gani. Hakuna hapo mafuta yaliyokamuliwa, wala pumu ya ngozi (ukurutu), wala maumivu ya matiti, ambayo mafuta haya huuzwa kuyatibu.

Habari za mafuta zilianza Ujerumani mwaka 1919, wanakemia walipokuta ndani yake asidi ya mafuta isiyo ya kawaida, ambayo leo tunaiita gama-linoleniki. Ni kama asilimia 7 hadi 10 ya mafuta hayo. Biashara ikakua juu ya asidi hiyo. Lakini mwaka 2002 Uingereza iliondoa leseni za dawa za mafuta haya za kutibu pumu ya ngozi na maumivu ya matiti kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Mwaka 2013 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27 za mafuta haya na ya mmea mwingine uitwao boraji, hayakuona yakiishinda kapsuli isiyo na dawa katika kutibu pumu ya ngozi.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiyameze kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa kuwa kuna hofu ya kutokwa damu. Na mwenye pumu ya ngozi, fedha ya chupa hiyo ningemwambia anunulie mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato, ajipake mara tu atokapo kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu.