Ulimi Uliobadilika Rangi: Usiukwangue Kabla ya Kujua Sababu

Kila inapokaribia Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, 20 Machi, watu wengi hukumbuka kujitazama kinywani, na hilo ni jambo jema. Tatizo ni kinachofuata. Anayeuona ulimi wake umegeuka mweupe au mweusi huanza kuusugua kwa magadi, limau, chumvi au mswaki mgumu, na anapofika kwa daktari ulimi umechubuka na kuwa mwekundu kiasi kwamba hali ya mwanzo haionekani tena. Tunaomba mtindo huo ukome.

Rangi peke yake haitoshi kuutambua ugonjwa. Kinachosaidia ni kujua kama inafutika, imedumu muda gani, na mwili una dalili gani nyingine. Jitazame hivi: nawa mikono, simama mbele ya kioo penye mwanga wa mchana, toa ulimi na ushike ncha yake kwa kipande safi cha gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) kilicholowanishwa. Uvute taratibu upande mmoja kisha mwingine ili uone kingo zake, halafu uinue uone chini. Kingo na sehemu ya chini ndizo watu wanazozisahau, na ndiko saratani ya ulimi hujitokeza mara nyingi zaidi. Mwisho, pitisha gozi polepole mara moja au mbili juu ya sehemu iliyobadilika. Kupitisha, si kukwangua.

Mabaka meupe yanayobanduka na kuacha chini yake wekundu au damu kidogo kwa kawaida ni fangasi aina ya kandida. Huwapata zaidi watoto wachanga, watu waliotoka kutumia antibayotiki, wenye kisukari kisichodhibitiwa, wenye kinga ndogo ya mwili, wanaolala na meno bandia, na wanaovuta dawa za pumu zenye steroidi bila kusukutua baadaye. Antibayotiki huua bakteria, haigusi fangasi, na mara nyingi ndiyo iliyowapa fangasi nafasi ya kuota. Hili tumelieleza mara nyingi, na bado watu wanazimeza.

Dawa inayotumika sana ni nistatini ya maji. Kwa mtu mzima, ile yenye yuniti 100,000 kwa kila mililita hutolewa mililita 4 hadi 6, mara nne kwa siku, baada ya kula. Tikisa chupa, weka nusu ya dozi kila upande wa kinywa, izungushe na uishikilie kadiri uwezavyo kabla ya kumeza, kisha usile wala kunywa kwa takriban nusu saa. Wengi huimeza papo hapo kama dawa ya kikohozi, halafu wanalalamika kwamba haifanyi kazi. Nistatini hufanya kazi pale inapogusa. Ikishafika tumboni karibu yote hupita bila kuingia kwenye damu. Endelea nayo saa 48 baada ya utando kuisha, hata kama ulimi umeshakuwa safi. Meno bandia yavuliwe usiku, yasuguliwe na kulowekwa, la sivyo fangasi watarudi kutoka humo humo. Dozi ya mtoto mchanga hupangwa na mhudumu wa afya, na mama anayenyonyesha akaguliwe chuchu pia, kwa sababu wawili hao huambukizana. Mtu mzima anayepata fangasi wa kinywa mara kwa mara bila sababu inayoeleweka apimwe kisukari na VVU.

Ulimi mweusi wenye kama manyoya hutisha kuliko hali nyingine zote, ilhali hauna madhara. Juu ya ulimi kuna vijinyama vyembamba vyenye urefu wa takriban milimita 1. Visipopukutika kawaida hurefuka, pengine kupita sentimita 1, vikanasa mabaki ya chakula, bakteria na rangi ya tumbaku, chai au kahawa. Kinywa kikavu na matumizi ya muda mrefu ya dawa ya kusukutua yenye klorheksidini huchangia. Acha tumbaku, kunywa maji ya kutosha, na safisha ulimi mara mbili kwa siku kwa mswaki laini au kikwaruzio, ukitoka nyuma kuja mbele bila kukandamiza. Hali hii huisha ndani ya wiki chache. Dawa za tumbo zenye bismuthi nazo huufanya ulimi na hata kinyesi kuwa cheusi. Ukimaliza dawa, weusi hupotea ndani ya siku kadhaa.

Madoa ya kahawia au meusi yaliyokuwepo miaka yote bila kubadilika kwa watu wenye ngozi nyeusi ni maumbile, hayatibiwi. Ulimi laini, unaong'aa na kuwasha huelekeza kwenye upungufu wa madini ya chuma, foleti au vitamini B12, na hilo huthibitishwa kwa kipimo cha damu. Mtoto mwenye ulimi mwekundu uliovimba vipele pamoja na homa kali au upele mwilini apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ulimi na midomo vikigeuka bluu huku mtu akihema kwa shida, hiyo ni dharura: oksijeni imepungua.

Baka jeupe au jekundu lisilofutika, au kidonda, kikipita wiki mbili, muone daktari wa kinywa na meno hata kama hakiumi. Saratani ya mwanzoni mara nyingi haiumi. Daktari anaweza kuchukua kinyama: sehemu hiyo hupigwa ganzi, hukatwa kipande kidogo, hushonwa ikihitajika, na kipande hupelekwa maabara kikiwa ndani ya formalini, dawa ya maji ya kukihifadhi kisioze. Madai kwamba kukata kinyama husambaza saratani yasikucheleweshe. Kinachodhuru ni kukaa na baka bila kulijua.

Siku ya kuja kliniki piga mswaki meno tu, ulimi uache ulivyo, na ulete maboksi ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za kuvuta na za kusukutua.