Mwaka uliokosekana kwenye daftari la mto

Nikipewa daftari la vipimo vya mto, huanza kwa kutafuta kurasa tupu. Mara nyingi msoma kipimo ameacha sentensi moja: "Ubao umechukuliwa na maji," yaani ubao wa namba unaosimamishwa mtoni kupimia kina cha maji. Baada ya hapo wiki kadhaa hazina namba hata moja, na mwaka ule unaachwa kwenye hesabu kwa kuwa "data haijakamilika". Jambo hili linanikera sana, maana ukurasa ule mtupu ndio mafuriko yenyewe.

Mhandisi wa daraja hututaka tumwambie maji yanaweza kufika kiasi gani. Siku yatakapokuja hatuijui. Tunachofanya ni kuchukua kilele kimoja tu cha mtiririko kwa kila mwaka, kile kikubwa kuliko vyote, kisha kuvilinganisha vilele hivyo na mkunjo wa uwezekano, yaani mchoro unaoonyesha kila kiwango kina nafasi gani ya kutokea. Unaotumika sana ni ule unaoitwa kwa jina la mwanahisabati Emil Gumbel, na unahitaji vitu viwili: wastani wa vilele, na mtawanyiko wake, yaani miaka inapishana na wastani huo kwa kiasi gani.

Tuchukue mto wa mfano wenye vilele vya miaka 20. Wastani ni mita za ujazo 80 kwa sekunde, mtawanyiko 40. Kwa Gumbel, mafuriko ya miaka 100 ni wastani ukijumlisha mtawanyiko mara 3.14: karibu 205.

Hiyo "miaka 100" inapotosha wengi. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 kufikia au kuzidi kiwango hicho, hata kama mwaka jana yalikuja. Daraja litakalosimama miaka 50 lina uwezekano wa karibu asilimia 40 wa kukutana nayo angalau mara moja.

Sasa turudi kwenye ukurasa mtupu. Kuna kijiji nilifika nikiwa na daftari la namna hiyo, nikamwamkia bibi mmoja jirani na kivuko, nikamuuliza maji ya mwaka ule yalifika wapi. Hakunijibu kwa maneno. Alinipeleka nyuma ya nyumba, akaweka kiganja ukutani, juu kidogo ya kizingiti cha dirisha. "Hapa, mwanangu. Mbuzi tuliwapandisha juu ya dari." Chini ya kiganja chake tope lilikuwa bado limeganda kwenye nyufa za udongo.

Alama kama ile ni kipimo. Ukipata nyingine mbili tatu kando ya mto, ukapima umbo la bonde, mteremko wa maji na ukwaru wa kingo, yaani jinsi zinavyoyazuia maji, kanuni ya Manning inakupa makadirio ya mtiririko. Tuseme katika mto wetu wa mfano yanatoka 230. Ukiurudisha mwaka huo mmoja, wastani unapanda hadi 87, mtawanyiko 51, na mafuriko ya miaka 100 yanaruka kutoka 205 hadi karibu 247. Ni mwaka mmoja tu kati ya 21.

Lakini tahadhari: alama ikiwa ya kabla ya kipimo kuwekwa, kwa mfano ya mvua kubwa za 1961 zilizolijaza Ziwa Victoria, usiichomeke tu kama mwaka mwingine wa kawaida. Umeijua kwa sababu ilikuwa kubwa. Miaka midogo iliyoizunguka haikuacha alama. Waulize wazee ni tangu lini maji hayajapita pale, na miaka hiyo yote iingie kwenye hesabu pamoja nayo.

Kwa wanaosoma vipimo mitoni: ubao ukizama, andika saa ulipozama. Maji yakishuka, kabla mvua nyingine haijaosha tope, chukua rangi upige mstari kwenye mti, kwenye nguzo, kwenye ukuta wowote ulio karibu, na tarehe yake pembeni.