Je, wajua kwa nini uhuru wa habari ni haki ya msomaji kabla ya kuwa haki ya mwandishi?

Uhuru wa vyombo vya habari huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni mali ya waandishi, fadhila waliyopewa na dola ili wafanye kazi bila bughudha, na ambayo dola inaweza kuipunguza pindi wanapokosea. Sheria ya kimataifa ya haki za binadamu huuona vingine. Ibara ya 19 ya Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 10 Desemba 1948, haimtaji kabisa mwandishi wa habari. Inasema kwamba kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kuyatoa, na wa kutafuta, kupokea na kueneza habari kwa njia yoyote bila kujali mipaka ya nchi. Anayepokea amewekwa sawa na anayeeneza, na katika usawa huo ndimo zilimochimbuka karibu kanuni zote ambazo mwandishi mwadilifu huzifuata, zile zinazomlinda na zile zinazomzuia.

Kisa cha dawa ya thalidomide kinalionyesha jambo hili waziwazi. Dawa hiyo, iliyotumiwa na wajawazito mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilisababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na ulemavu wa viungo. Mwaka 1972 gazeti la The Sunday Times la Uingereza liliandaa makala iliyohoji kama dawa hiyo ilipimwa ipasavyo kabla ya kuuzwa, na mahakama za nchi hiyo zikaizuia kwa hoja kwamba madai ya fidia yalikuwa hayajamalizika. Tarehe 26 Aprili 1979 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, kwa kura 11 dhidi ya 9, kwamba zuio hilo lilikiuka uhuru wa kujieleza. Majaji walieleza kwamba vyombo vya habari vina wajibu wa kueneza habari zinazougusa umma, na umma nao una haki ya kuzipokea, wakazitaja hasa familia za watoto walioathirika, ambazo zilikuwa na haja kubwa ya kuujua ukweli wote. Kura zilikaribiana, lakini naamini wale 11 waliitambua haki na mwenye nayo.

Mwaka 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilifuata mkondo huohuo ilipojibu swali la Costa Rica kuhusu sheria iliyowalazimu waandishi kuwa wanachama wa chama cha taaluma yao. Ilisema sharti la namna hiyo, likimzuia mtu kutumia vyombo vya habari, huvunja haki mbili kwa pamoja, ya yule anayetaka kusema na ya jamii yote inayostahili kumsikia.

Hata desturi ya kuficha jina la mtoa habari, ambayo wengi huidhani ni ukaidi wa waandishi tu, ina mzizi huohuo. Mwaka 1989 William Goodwin, mwandishi kijana wa jarida la The Engineer nchini Uingereza, alipewa kwa simu taarifa za matatizo ya kifedha ya kampuni moja. Alipowasiliana na kampuni hiyo ili kuthibitisha, nayo ikaenda mahakamani. Makala ikazuiwa, kisha mwandishi akaamriwa kukabidhi maandishi yake ili mtoa habari ajulikane. Alikataa, akatozwa faini ya pauni 5,000. Mwaka 1996 Mahakama ya Ulaya ilisema kwamba amri ile na faini ile vilikiuka haki zake. Kampuni, kwa maoni ya mahakama, ilikuwa imekwisha kulindwa na zuio la kuchapisha; kumfichua mtu kuliongeza faida ndogo kwa kampuni na hasara kubwa kwa umma, maana mfanyakazi au mtumishi anayejua uovu hatathubutu kuufichua akiona kwamba jina lake litaishia kortini, na wanaobaki gizani ni wasomaji.

Kwa kuwa haki ni ya watu wote, mipaka yake pia hupimwa kwa watu wote. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unaruhusu uhuru huu uwekewe vizuizi, lakini kila kizuizi sharti kiwe kimeandikwa katika sheria, kiwe na lengo halali, kama vile kulinda heshima ya watu wengine au usalama wa taifa, na kiwe cha lazima kwa lengo hilo. Sharti la tatu ndilo linaloziangusha serikali nyingi. Mhariri Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso alihukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa makala za mwaka 2012 zilizomtuhumu mwendesha mashtaka, na gazeti lake likasimamishwa kwa miezi 6. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilikubali kwamba heshima ya mtu yastahili ulinzi, lakini ikaona kwamba kumfunga mhariri kwa kosa la kashfa kunapita kiasi.

Kinyume chake ni redio ya RTLM, ambayo mwaka 1994 iliwachochea wasikilizaji wake dhidi ya Watutsi wa Rwanda, hata kutangaza majina ya watu waliokuwa wakisakwa. Ibara ya 20 ya mkataba huohuo inazitaka nchi zikataze kwa sheria uchochezi wa chuki unaoleta ubaguzi, uhasama au vurugu, na mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini haikuwaachia huru.

Katika kazi ya kila siku mipaka hii huonekana katika mambo madogo, na hapo ndipo nadhani hukiukwa zaidi. Mtuhumiwa aliyekamatwa leo huitwa jambazi katika kichwa cha habari kesho, ilhali ibara ya 14 ya mkataba ule wa mwaka 1966 inamhesabu kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe kisheria. Mtoto aliyebakwa hafichiki kwa kuondolewa jina tu, ikiwa habari inataja shule yake, mtaa wake na kazi ya baba yake.

Wajibu haukomei kwa waandishi. Mwaka 1998 raia wa Chile waliomba taarifa za mradi wa ukataji miti kutoka taasisi ya serikali, wakanyimwa sehemu yake bila maelezo. Mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba taarifa zilizo mikononi mwa dola hutolewa kwa yeyote anayeziomba, bila kumtaka aeleze anazitakia nini, na kwamba ofisi inayokataa ndiyo inayopaswa kutoa sababu, kwa maandishi.